Hobie 16 ya zamani kwa familia ya watu wanne: ninunue, na nianzeje?

Swali limetoka kwa msomaji wa Mbezi Beach, Dar es Salaam. Amekulia kwenye ngalawa za mjomba wake, anajua kushika kana (mpini wa usukani) na demani (kamba ya kuvutia tanga). Sasa ameonyeshwa Hobie 16 ya faiba, katamarani ndogo ya matanga yenye bodi mbili zilizoungwa ubavu kwa ubavu, ambayo imelala ufukweni miaka kadhaa, na mwenyewe anaiuza. Yeye ana kilo 78, mkewe 62, watoto wao wa miaka 7 na 10 wana kilo 22 na 31. Nia yao ni kutoka siku za Jumamosi kwenda kisiwa cha Mbudya na kurudi. Anauliza kama anunue, akague nini, na waanzeje.

Ndugu yangu, kama bodi zake bado ni ngumu na kavu, nunua. Ila Mbudya iwe mwisho wa ratiba ya msimu wa kwanza, na watoto wasipande kabla wewe na shemeji hamjaipindua na kuiinua wenyewe kwa makusudi.

Kwa nini nianze na kupinduka? Kwa sababu kwa familia, kipimo cha katamarani ndogo ni nani ataiinua ikilala. Idadi ya watu inaowabeba ni jambo la pili. Hobie 16, aliyoibuni Mmarekani Hobie Alter, ina urefu wa mita 5 na kidogo, upana wa mita 2.4 na uzito wa kilo 145, na juu yake kuna matanga mawili yenye jumla ya mita 20 za mraba. Hilo ni tanga kubwa kwa chombo chepesi hivyo. Kanuni za mashindano yake zinataka mabaharia wawili wenye jumla ya kilo 129 angalau, na uzito wa namna hiyo ndio unaohitajika pia kukiinua chombo kikilala ubavu. Nyinyi wawili mna 140. Mnatosha, lakini kwa shida. Wewe peke yako na watoto wote wawili mna 131 kwenye mzani, ila watoto hawawezi kuning'inia kwenye kamba ya kuinulia kama watu wazima, kwa hiyo hesabu hiyo ni ya karatasi tu. Kwenu sheria ni hii: watu wazima wawili au msitoke.

Ngalawa imekufundisha mengi, na mawili kati ya hayo itabidi uyaache ufukweni. La kwanza ni kugeuza. Kwenye ngalawa umezoea kugeuka upepo ukiwa tezini (nyuma ya chombo), ukapitisha foromali (mti unaobeba tanga) mbele ya mlingoti upande wa pili, na mambo yakaenda taratibu. Kwenye Hobie ukigeuka kwa tezi, tanga kuu pamoja na mti wake wa chini vinavuka sitaha kwa pigo moja, tena kwenye kimo cha kichwa cha mtoto aliyekaa. Itakubidi ujifunze kubisha, yaani kugeuka omo (pua ya chombo) ikipita kwenye upepo, na uifanye kuwa njia yako ya kawaida. La pili ni uzito. Ngalawa ina mwendo wake, hata tanga likilegea inaendelea kuteleza. Katamarani ya kilo 145 ikipoteza upepo husimama papo hapo, kisha inaanza kurudi nyuma.

Tukija kwenye ukaguzi, nenda asubuhi kabla jua halijapasha faiba, na uchukue sarafu, kitambaa cha pamba, mpira mwembamba wa maji na sabuni ya unga.

Anza na sehemu ya juu ya kila bodi, hasa eneo la mbele ya boriti ya mbele (mti wa kuunganisha bodi mbili). Bodi za Hobie 16 zimetengenezwa kwa ngozi mbili nyembamba za faiba na povu katikati. Jua na maji vikishafanya kazi miaka mingi, ngozi huachana na povu, na bodi hupoteza nguvu bila dalili ya nje. Bonyeza kwa kidole gumba kila baada ya sentimita 10, ukienda mstari kwa mstari. Pakibonyea, ufa uko njiani. Kisha gonga kwa sarafu: penye afya hulia kavu na kwa ukali, palipoachana sauti huwa butu na ya uvivu. Zungushia kalamu kila palipo butu ili mwisho uone ukubwa wake kwa jicho. Eneo la kiganja kimoja fundi wa faiba analirekebisha: anatoboa matundu ya milimita 3 kila baada ya sentimita 3 au 4, ngozi ya nje tu, anaingiza epoksi kwa bomba la sindano mpaka itokeze tundu la jirani, anafunika kwa nailoni na kuweka uzito usiku kucha. Lakini kama ulaini umeenea mbele ya boriti kutoka ukingo mpaka ukingo, au umezunguka nguzo zinazoshika fremu, muage mwenye chombo kwa heshima. Hapo ndipo bodi hukatika, na hukatika mkiwa baharini, mzigo ukiwa juu.

Geuza chombo au lala chini uangalie matumbo. Mita ya mwisho kuelekea shetri (nyuma ya chombo) ndiyo inayosuguliwa na mchanga kila chombo kinapoburutwa, na chombo cha ufukweni kwetu huburutwa mno. Ukiona nyuzi za kitambaa cha faiba, rangi imekwisha na ngozi inaliwa. Hiyo haitishi ikishikwa mapema. Piga msasa mpaka pasafi na pakavu, weka tabaka tatu za kitambaa kwa epoksi, la kwanza jembamba la sentimita 5, linalofuata pana zaidi, la mwisho sentimita 10, ili kingo zisiwe na ngazi. Mafundi wanaotengeneza boti za uvuvi za faiba wanaiweza kazi hii wakiwa wamefumba macho, ila wasisitizie epoksi. Wengi wana mazoea ya poliesta kwa sababu ni rahisi, na poliesta haishiki vizuri juu ya kazi ya zamani.

Halafu uvujaji. Kila bodi ina kizibo cha kutolea maji nyuma na katundu kadogo ka kupumulia. Ziba katundu kwa tepu, ingiza mpira wa maji kwenye tundu la kizibo, funga pembeni kwa kitambaa, mwenzio apake povu la sabuni kwenye viungio na chini ya nguzo, nawe upulize kwa mdomo. Mdomo unatosha. Kompresa ya gereji itaibandua sitaha yenyewe, ukawa umeharibu mali ya mtu kabla ya kuilipia. Povu linapochemka ndipo panapovuja, na mara nyingi ni kiungio cha juu na chini ya bodi, au pale kizibo kinapokaa.

Fremu ya alumini imesimama juu ya nguzo nne fupi, mbili kila bodi. Inua kona moja ya nyuma, mwenzio atazame kona nyingine. Kucheza kidogo ni kawaida kwa Hobie 16, imeundwa hivyo. Ukisikia mlio wa kugongana au ukiona pembe ya fremu imekaa upande, nguzo zimelegea kwenye soketi zake. Zinabandikwa upya kwa epoksi, ila itabidi fremu yote ifunguliwe, na hapo utakutana na bolti za stenlesi zilizooza pamoja na alumini. Punguza bei ipasavyo.

Mlingoti una zaidi ya mita 8 na umezibwa hewa kwa makusudi, ili chombo kikilala uelee na kukizuia kisigeuke miguu juu. Ulaze kwenye maji ya magoti, ukandamize kipande kwa kipande. Mapovu yakitoka kwenye ribiti, hapo ndipo maji yatakapoingia. Silikoni ya baharini juu ya kila ribiti inamaliza tatizo. Mlingoti ulioingia maji ni mzito kuliko nguvu zenu wawili, kwa hiyo usichukulie jambo hili kama la urembo. Angalia pia kama kipande cha juu ni cha faiba. Hobie 16 za mwanzo zilikuwa na mlingoti wa alumini mtupu, baadaye ncha ikawekwa faiba baada ya milingoti kugusa nyaya za umeme. Hata ukiwa na ncha ya faiba, usisimamishe mlingoti wala kusukuma chombo kilichosimamishwa mlingoti chini ya nyaya. Tembea njia yote ya kutoka uwanjani mpaka majini ukitazama juu, siku hiyo hiyo ya kwanza.

Waya zinazoshika mlingoti ndizo ninazoshauri zibadilishwe zote bila mjadala kama muuzaji hakumbuki zilifungwa lini. Pitisha kitambaa cha pamba kutoka juu mpaka chini. Kikinasa, uzi mmoja umekatika na mingine imeshachoka. Kutu ya kahawia pale waya inapoingia kwenye kibano chake cha mwisho ni dalili mbaya zaidi, kwa sababu kinachooza kiko ndani, hukioni. Waya moja ikikatika, mlingoti huanguka, na chini yake kuna watoto.

Trampolini, yaani turubai la kukalia kati ya bodi mbili, iikague kwa nyuzi zake. Turubai laweza kuonekana zima huku uzi wa mshono umeungua jua. Kwaruza mshono kwa ukucha. Ukitoa unga au ukikatika, ishonwe upya yote kwa uzi wa poliesta mnene. Kisha simama juu yake na urukeruke karibu na kila kona. Bora mguu wako upite ukiwa nchi kavu.

Mwisho ni sukani mbili. Shika ncha ya chini ya kila moja na kuitikisa. Ikicheza zaidi ya sentimita 2, bushi na pini zimekwisha, na usukani unaocheza ndio unaowachosha watu mkono na kuwafanya wadhani chombo ni kigumu. Hakikisha zinaruka juu zenyewe zikigonga mchanga na zinarudi kufunga ukizishusha. Kwa fukwe zetu zenye maji mafupi, utaratibu huo utautumia kila safari.

Hayo yakipita, bado tanga ni kubwa kwenu. Matanga mengi ya Hobie 16 hayana mahali pa kupunguzia. Mpelekee fundi wa matanga au wa maturubai mzuri tanga kuu, ashone mstari wa kupunguza mita 1 hivi juu ya ukingo wa chini: viraka vitatu-vitatu kwenye pembe mbili mpya, tundu la chuma kila pembe, na matundu madogo matatu au manne katikati ya kufungia kitambaa kinachobaki. Kuna mtego mmoja. Kifungo cha jarari (kamba ya kupandishia tanga) kwenye Hobie 16 kiko kileleni mwa mlingoti, na tanga lililopunguzwa kichwa chake hakifiki huko. Itabidi jarari ifungwe chini kwenye kishikizo, nayo iwe kamba isiyovutika, vinginevyo tanga litalegea katikati ya safari na kuchukua umbo la gunia, ambalo linavuta ubavuni kuliko tanga zima.

Kama ungekuwa unachagua kutoka orodha yote ya dunia, ningekuambia utafute Hobie Getaway au Hobie Wave. Zote mbili ni za plastiki nene, pua zake zimenenepa hazichomi maji, na Wave haina kabisa mti wa chini wa tanga. Getaway ina uzito wa kilo 177 na inakaliwa kwa raha na watu wanne. Tatizo ni kuzipata huku, na plastiki ikipasuka fundi wa faiba hana la kufanya, maana epoksi haiishiki. Inahitaji kuchomelewa. Hobie 16 angalau inatengenezeka kila kijiji cha wavuvi.

Vifaa. Jaketi okozi kwa kila mtu, limevaliwa na kufungwa kabla mguu haujaingia majini, la mtoto likiwa na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Mnyanyue mtoto kwa mabega ya jaketi: likipanda mpaka masikioni, ni kubwa mno, hata kama limeandikiwa umri wake. Kasia mbili fupi. Kisu kilichofungwa kwa kamba mahali ambapo mkono unafika chombo kikiwa kimelala. Filimbi kwenye kila jaketi. Maji ya kunywa lita 6. Simu ndani ya mfuko usioingia maji, na redio ya VHF ya mkononi (ya mawasiliano ya baharini) ukiweza, ikiwa chaneli 16, ile ya dharura. Kamba inayoelea ya mita 15 kwa kuvutwa, nanga ndogo ya kukunja yenye kamba ya mita 25, na kamba ya kuinulia yenye unene wa milimita 12 au zaidi, yenye mafundo kila nusu mita, imefungwa chini ya trampolini ikisubiri. Ongeza mfuko wa turubai wa lita 20 wenye mkanda wa begani. Ukijazwa maji na kuvaliwa wakati wa kuinua, unakupa karibu kilo 20 ambazo nyinyi wawili mnazihitaji. Fungia boya kileleni mwa mlingoti pia. Linaonekana vibaya, watu wa mashindano watacheka, lakini linahakikisha chombo kinalala ubavu tu.

Sasa maji na upepo, na hapa ndipo watu wa mjini wanapokosea kuliko kwenye chombo. Pwani ya Dar es Salaam bamvua, yaani maji makubwa, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa karibu na saa nne au saa tano asubuhi na kujaa karibu na saa kumi jioni. Maana yake Jumamosi ya bamvua, saa ambayo familia imemaliza chai na iko tayari, mbele ya Mbezi kuna mamia ya mita za mchanga, majani na miamba yenye urchini (wanyama wa baharini wenye miiba). Juma moja baadaye, nusu mwezi, mambo yanageuka. Maji mafu hujaa karibu na saa nne asubuhi na kupwa saa kumi, na hata yakipwa hayaendi mbali. Mikondo nayo ni dhaifu. Kwa hiyo safari za familia zipangeni kwenye maji mafu. Tazama mwezi kabla ya kutazama kalenda ya shule, kisha uthibitishe kwenye jedwali la maji.

Upepo wa kuanzia ni noti 6 mpaka 10, sawa na kilomita 11 hadi 18 kwa saa. Bahari ikianza kuwa na mapovu meupe kila unapotupa jicho, ni zaidi ya hapo, na watoto wabaki nyumbani. Kusi la Juni mpaka Septemba huvuma kwa nguvu mchana na siku nyingi halifai kwa mwanafunzi baada ya saa sita. Maleleji (upepo mwepesi wa kati ya misimu) ya Oktoba na Novemba ndiyo darasa zuri. Kaskazi la Desemba mpaka Februari linafaa asubuhi, huongezeka alasiri. Machi mpaka Mei kuna masika na dhoruba fupi za mvua zinazokuja na upepo wa ghafla. Ukiona wingu jeusi lenye mstari wa chini ulionyooka, tua matanga kwanza, mjadiliane baadaye. Soma taarifa ya bahari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ya kuamkia safari na tena asubuhi.

Na jihadhari na umande. Alfajiri upepo huo wa nchi kavu hukupa maji kama kioo karibu na ufukwe, kila mtu akafurahi, huku ukikusukuma nje kimyakimya. Unaugundua unapogeuza. Subiri matlai (upepo wa kutoka baharini) iingie, ndipo usukume chombo.

Mafunzo yenyewe. Matembezi ya mwanzo ni ya wewe na shemeji, mkiwa na mvuvi mwenye boti ya injini mliyemlipa akae karibu. Mnatoka sukani zikiwa juu, mnazishusha maji yakifika kiunoni, tanga kuu limepunguzwa, la mbele liko wazi. Fanyeni kwenda na kurudi kwa upepo wa ubavuni tu. Kanuni ya mkono ni moja: demani ya tanga kuu haifungwi kwenye meno yake mkiwa mnajifunza, inashikwa. Bodi ya upande wa upepo ikianza kunyanyuka, fungua mkono. Demani iliyofungwa na mtu aliyeshtuka ndiyo inayopindua katamarani nyingi.

Kubisha kunakwama kwa sababu moja kubwa: haraka. Chukua mwendo kwanza, vuta demani zote mbili, ingia kwenye upepo polepole ukisukuma kana kwa mwendo uleule mmoja. Ukiipiga kwa nguvu, sukani zinageuka breki. Tanga la mbele liache limefungwa upande wa zamani. Omo ikishapita upepo litajaa kinyume na kuisukuma pua upande mpya, hapo legeza tanga kuu kidogo ili lisiirudishe pua kwenye upepo, na pua ikishaanguka vizuri ndipo shemeji afungue demani ya mbele na kuivuta upande wa pili. Ikisimama na kuanza kurudi nyuma, geuza usukani kinyume na ulivyozoea, lisukume tanga la mbele kwa mkono lijae nyuma, nawe utatoka. Fanyeni hivyo mpaka iwe kawaida, kwa sababu mtu asiyeweza kubisha hawezi kurudi nyumbani.

Zoezi la kupindua lifanyeni mahali maji yana kina cha kutosha mlingoti usichome mchanga, boti ikiwa pembeni. Chombo kikilala, cha kwanza ni kuhesabu watu, cha pili kufungua demani zote mbili kabisa. Tanga lililofungwa hubeba maji kama beseni na haliinuki, au likiinuka linaondoka bila nyinyi. Kisha omo ielekezwe kwenye upepo. Mtu mmoja akining'inia kwenye ncha ya bodi ya chini, mwili wake huwa kama nanga, chombo kinazunguka chenyewe. Upepo sasa unaingia chini ya tanga na kusaidia. Rusha kamba ya kuinulia juu ya bodi ya juu, simameni wote wawili juu ya bodi ya chini karibu na boriti ya mbele, magoti yamenyooka, mgongo umelala nyuma, mfuko wa maji begani. Subirini. Kwa muda hakuna kinachotokea, halafu kilele kinaachana na maji na mambo yanakuwa ya haraka. Bodi ya juu inaanguka upande wenu, kwa hiyo ingieni kati ya bodi mbili na mshike ukingo wa chini wa trampolini, kusudi isipinduke upande wa pili wala isiwaache.

Watoto nao wanafundishwa zoezi hili, siku ya upepo mdogo. Mahali pao ni pamoja siku zote: ncha ya mbele ya bodi ya chini, upande uliko mlingoti, mikono kwenye waya wa omo. Hapo hawaangukiwi, na uzito wao unaigeuza omo kwenye upepo. Mtoto aliyekwisha kuambiwa mahali pake hapigi kelele nyingi.

Mkiwa mnasafiri, watoto wakae katikati ya trampolini, nyuma kidogo ya mlingoti, miguu ndani. Kila mnapobisha kuna neno moja la tahadhari, na wote wanalala kifudifudi mpaka mti upite. Mmoja asishike kamba ya mtu mwingine, wala asizungushe demani mkononi. Vaeni viatu vya mpira kwa ajili ya urchini. Mashati ya mikono mirefu. Saa moja na nusu inatosha kwa mtoto wa miaka 7.

Mbudya, basi. Kisiwa kiko kaskazini-mashariki mwa Mbezi, kwa hiyo wakati wa kaskazi, kwenda mnapokea upepo wa ubavu wa mbele na kurudi unakuja nyuma; wakati wa kusi ni karibu kinyume chake. Kwenda dhidi ya upepo ndiko kunakolowesha na kuonekana kugumu. Kwenda na upepo ndiko kunakopindua. Pua za Hobie 16 ni nyembamba. Upepo wa nyuma ukiongezeka alasiri, watu wakiwa wamekaa mbele kwa uvivu, pua ya upande wa chini inachoma wimbi, chombo kinasimama ghafla na shetri inapaa. Dawa yake ni kuwarudisha wote sehemu ya nyuma ya trampolini, tanga limepunguzwa kabla ya kuondoka, na kuja kwa mshazari badala ya upepo wa nyuma kabisa, mkibadilisha upande mara moja au mbili kwa kubisha. Ondokeni kisiwani kabla ya saa saba. Kisiwa ni hifadhi ya bahari, kuna ada ya kuingia, na nanga haitupwi juu ya matumbawe. Vuteni chombo mchangani upande unaotazama bara.

Usajili wa vyombo vidogo Tanzania Bara uko chini ya TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), Zanzibar chini ya mamlaka yao ya usafiri baharini. Uliza kabla ya kulipa kama chombo kina namba, na jina la muuzaji ndilo lililoko kwenye karatasi. Ununuzi wa chombo alichoazimwa rafiki wa rafiki huzaa kesi.

Nunua na magurudumu manene ya mchanga siku hiyo hiyo, kwa sababu bila hayo utahitaji watu wanne kila Jumamosi, na yale matumbo uliyoyapaka epoksi yatarudi yalikokuwa. Chombo kikae juu ya mstari wa bamvua, kimefungwa ardhini kwenye kona mbili, mlingoti ukiwa umelala miezi ya kusi. Vizibo vya bodi vitolewe kila mnaporudi, maana hewa ya ndani ikipashwa na jua hutanuka na kubandua ngozi ileile uliyoikagua kwa sarafu, kisha uvitundike kwenye kana ili asiyeviona asisukume chombo majini.